Mashine Isiyosubiri

Tangu nifungue banda la gemu hapa Mirongo nimesikia malalamiko ya kila aina: pedi ya kuchezea imelegea, feni haifiki nyuma, jua linapiga kwenye kioo. Lakini mtu kulalamika kwamba mashine ina kasi mno, huyo ni Revocatus peke yake, na aliniudhi kweli.

"Shikamoo, mama Hadiya."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi?"

Maana Jumatano nilimtoa nje. Sheria za banda langu ni mbili na kila mteja anazijua. Mpira ukianza, wachezaji hawaongei, kwa sababu maneno yalishanivunjia pedi. Na aliyefungwa anaachia kiti. Huyu Revocatus, fundi pikipiki wa hapo jirani, mtu mzima na mpole, alianza kumsemesha Gladness, mteja mwenzake, katikati ya mechi. Nikamwonya, akaendelea, nikamwonyesha mlango.

"Naomba radhi," alisema. "Ila ile mashine ya zamani ingekuwepo, nisingevunja sheria."

Nikamwambia asinichefue. Ile ya zamani ilikuwa na diski inayozunguka. Ilibidi kwanza izoe uwanja mzima, mashabiki, nyasi na jezi, ndipo ianze, na mtu aliweza kumaliza muhogo wa kukaanga ule mstari wa kulodi ukiwa bado unatambaa kwenye kioo. Hii mpya ndani yake hakuna kinachozunguka. Ni chipu tupu, wala haibebi vyote kwa mkupuo. Inavuta kinachohitajika pale pale, kamera ikigeukia jukwaa ndipo jukwaa linaletwa. Ukibonyeza tu, mpira umeshawekwa kati. Nilijinyima mengi kuipata, nikaisifia mtaa mzima, halafu mtu aje aniambie ina kasi mno!

"Siyo kwamba ni mbaya, mama. Ila pale ilipokuwa inalodi ndipo mimi na Gladness tulikuwa tunaongea. Akitoka hapa anakimbilia duka la dawa anakouza, mimi narudi kwenye pikipiki. Mwaka mzima tumeongea hivyo hivyo, kidogo kidogo. Sasa Jumatatu anavuka ziwa kwenda Sengerema, amepata kazi huko. Nina neno la kumwambia, na mashine yako hainipi nafasi."

"Si umpigie simu?"

"Neno lenyewe siyo la simu."

Hasira ikaniisha, nikabaki na aibu. Kumbe siku ile nilimtoa nje mtu aliyekuwa anahangaikia maisha yake.

Diski ya nje niliyokuwa naichomeka kwenye ile mashine ya zamani ilikuwa bado kabatini. Gemu mpya hazikubali kuchezwa kutoka humo, lakini ile ya mpira ya miaka ya nyuma inakubali, na inakwenda kwa mwendo wake uleule wa kujivuta. Jumamosi mchana nikaichomeka, nikahamishia gemu humo, nikawatangazia wateja kwamba leo tunacheza ya zamani. Shimba, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alinung'unika. Nikamwambia kama ana haraka mlango anaujua.

Gladness akaingia saa yake ya mapumziko, akakaa. Revocatus akakaa kando yake, mikono ameisugua mpaka hakuna grisi. Wakachagua timu, mstari ukaanza kutambaa.

Revocatus akautazama. Ulifika robo, hajasema. Ulifika nusu, bado. Nilikuwa nimesimama nyuma yao natamani kumfinya.

"Mama Hadiya amerudisha diski ya zamani," Gladness alisema bila kugeuka, "na wewe unaangalia kioo."

"Gladness, nataka nitume mshenga kwenu Magu."

Alilitoa kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma. Gladness akamgeukia, akafungua mdomo, na hapo hapo refa akapuliza kipenga. Mpira ukaanza.

Akafunga mdomo, akarudisha macho kwenye kioo. Sijawahi kuichukia sheria yangu kama siku ile. Revocatus alicheza kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Magoli yaliingia hata hayaoni. Gladness hakumhurumia. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaenda.

Mechi ilipokwisha, Revocatus aliweka pedi chini taratibu, akainuka. Shimba akasogea kuchukua nafasi.

"Kaa," Gladness alimwambia Revocatus.

"Nimefungwa."

"Nimeona. Kaa. Kesho Jumapili, baba anashinda nyumbani. Huyo mshenga awahi."

Revocatus akakaa, macho yamemjaa machozi. Shimba akanigeukia, mkono ameunyoosha kwenye kiti, akisubiri nitoe amri.

Nikamwambia atulie, mashine bado inalodi.