Mtoto wa Pili

"Mama yake kamtelekeza," alisema Maneno, akifunua kikapu. Chini ya majani ya mgomba mtoto wa chui alikuwa akilia kwa sauti nyembamba.

Veronika, dada yake, aliacha kulima. "Umemtoa wapi?"

"Pale kwenye jiwe, juu ya shamba la mama. Tangu asubuhi namtazama, hakuna aliyemjia."

"Na nyayo zinazoshuka korongoni hukuziona? Chui akishtuka huhamisha watoto. Hubeba mmoja kwa meno, humficha, kisha humrudia wa pili. Bibi alitufundisha, wewe ukawa unasinzia. Mrudishe!"

Maneno alicheka. "Siku hizi soko huria, dada. Kuna mtu Mkuyuni anamtaka. Mkono mtupu haulambwi. Nauli ya kumfuata Thobias utaitoa wapi?"

Hapo alimshika pabaya. Kiwanda cha nguo kule mjini kilikuwa kimeuzwa, Veronika akapunguzwa kazini, na nyumba ya kiwanda ikatakiwa irudishwe. Nauli haikutosha watatu. Alipanda mlimani kwao na Angelina, aliyekuwa bado ananyonya, akamwacha mwanawe Thobias kwa jirani yake, Mama Jesca. "Nakurudia, baba," alimwambia. Wiki mbili zilikuwa zimepita.

Aliokota jembe. Hakusema tena mrudishe, na alijichukia kwa hilo.

Jioni chui alikuja. Kule kwenye jiwe aliguna kama msumeno unaokata mti mkavu, akanyamaza, akaguna tena. Angelina aliacha titi, akasikiliza.

Kesho yake Veronika alifika mjini kwa nauli ya Maneno, pesa ya yule mtoto wa chui. Mama Jesca alikuwa uani anaosha vyombo, na hakuinua uso.

"Baba yake alikuja juzi. Kamchukua, kaenda naye kwao Mara."

"Yule aliyetukimbia? Hata chumvi hajawahi kutuletea! Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama!"

"Hayo ya huko kwenu mlimani, mwenzangu. Wiki mbili kimya. Sisi tulijua umemtelekeza."

"Nilikuwa nahamisha," alisema Veronika. "Nilikuwa nahamisha tu, Mama Jesca."

Mama Jesca aliendelea kusugua sufuria.

Veronika alitoka. Akapita nyuma ya nyumba za kiwanda, mlango kwa mlango, akijua fika kwamba hayupo. Akaita, "Thobias!" Akanyamaza. Akaita tena.