Mwisho wa Picha ya Mama

Mdogo wangu wa kiume alivunjika nyonga bafuni kwake, na kwa kuwa mkewe alikuwa safarini kikazi, akaletwa kwangu. Nilimpa chumba kilicho karibu na sebule, magongo, na ruhusa ya kutazama sinema zangu. Ruhusa hiyo niliitafakari vizuri kabla ya kuitoa.

Nina kabati zima la picha za zamani za Hollywood, nyingi nyeusi na nyeupe, pamoja na tamthilia za televisheni za enzi ambazo mpelelezi hakuvua kofia hata mezani. Mwanzoni alinicheka.

"Dada, hawa watu hata damu hawana!"

Baadaye akawa anazima simu picha ikianza. Nilimwonyesha jinsi taa inavyowekwa chini ya kidevu cha adui na juu kidogo ya jicho la stelingi. Jinsi kifo kinavyosimuliwa kwa kikombe kinachobingirika sakafuni, maiti isionekane. Jinsi mwigizaji hodari anavyofunga mlango nawe ukajua harudi tena. Akaiva upesi.

"Ukitaka kumjua mwongo," aliniambia siku moja, "usimtazame usoni. Tazama mikono."

"Umefuzu," nikamjibu, nikazima televisheni.

Kila picha niliizima kabla haijaisha.

"Dada, mbona unanitesa? Mwizi ni nani sasa?"

"Mgonjwa anatakiwa apumzike."

"Saa kumi jioni?"

Chanzo cha hayo kilikuwa yeye mwenyewe. Tulipokuwa watoto, mama alikuwa muuguzi, na televisheni ilionyesha picha za zamani saa ambazo yeye yuko wodini. Basi alitega deki ya video irekodi yenyewe. Akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, alivunja kwa kisu kile kidude cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, ili deki ikatae kurekodi tena juu yake. Kisha aliiweka mpaka siku yake ya mapumziko.

Siku moja ya mapumziko aliketi kochini na mdogo wake, mama mdogo wetu. Picha ilimhusu mjane aliyeshtakiwa kumpa mumewe sumu. Mahakamani, wakili akamtaka avue glavu yake nyeupe. Mjane akashika kidole cha kwanza cha glavu, na hapo sebule ikajaa makelele ya uwanja wa mpira: mtu alikuwa amerekodi mechi juu ya picha.

"Dada ndiye aliyeichezea deki," mdogo wangu akawahi, kabla sijafungua mdomo.

Alikuwa kitinda mimba. Neno lake lilikuwa na uzito zaidi kuliko langu. Mama hakunichapa. Alinikataza kugusa deki, na hakuniita tena kukaa naye picha zinapoonyeshwa. Mama mdogo akanibandika jina, Kifutio, na ukoo mzima ukalipokea kwa mikono miwili. Hata harusini kwangu lilitajwa kwenye kipaza sauti. Mama alikufa akiamini kwamba ni mimi.

Baada ya mazishi, tukipanga vitu vyake, niliikuta kanda ile sandukuni. Nikaigeuza. Tundu la kile kidude lilikuwa limezibwa kwa plasta nene, ile ya kufungia kifundo cha mguu. Nyumbani kwetu mchezaji mpira alikuwa mmoja tu. Nikaitia mkobani, nikanyamaza. Mstahimilivu hula mbivu.

Jumapili mama mdogo alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Kifutio, hebu tuwekee picha, mwanangu. Ila mikono mbali na vitufe!" Akacheka. Mdogo wangu naye akacheka, kwa sauti ndogo.

Diski ya picha ya mjane nilikuwa nimeitafuta kwa miaka hadi nikaipata; mtandaoni haipo. Sikuwa nimeitazama bado. Ilipoanza, mama mdogo alijishika kifua.

"Hii! Si ndiyo hii, ya dada!"

Mdogo wangu aliinama mbele mpaka nikahofia nyonga yake. Wakili akasimama. Mjane akashika kidole cha kwanza cha glavu. Nikasimamisha picha.

"Wee! Endelea!" wakapiga kelele wote wawili.

Nikaiweka kanda ya mama mezani mbele ya mdogo wangu, mgongo juu.

"Mwambie mama mdogo hiyo plasta ni ya nani."

Mama mdogo aliichukua, akaikwaruza kwa ukucha. "Hapa dada alikuwa anavunja. Nilimwona kwa macho yangu. Bila kuziba, deki isingerekodi." Akamgeukia mdogo wangu. "Baba, plasta hii ni ya nani?"

Mdogo wangu aliitazama kanda, kisha mjane aliyeganda kwenye kioo. Mimi nilitazama mikono yake. Ilikuwa inazungusha gongo.

"Ilikuwa fainali, mama mdogo. Kanda tupu hazikuwapo."

"Na dada yako?"

"Nilijua hatapigwa."

"Nimekuuliza habari za dada yako."

"Nilimsingizia." Kisha, bila hata kumeza mate, akanigeukia. "Haya, nimesema. Washa basi, dada. Alimuua au hakumuua?"

Mama mdogo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Kifutio," akasema, "toka nje."

Niliinuka kwa mazoea. Akatikisa kichwa. Kidole alikuwa amemnyooshea mdogo wangu.

"Mimi? Mama mdogo, na mguu huu?"

"Magongo unayo. Dada yangu amekwenda bila kuujua mwisho wa picha hii. Na wewe hutaujua."

Nilimshika kiwiko, nikamtembeza polepole kama daktari alivyoagiza, nikamketisha kwenye kiti cha korido. Nikamletea na mto.

"Dada, neno moja tu," akaninong'oneza. "Ndiyo au hapana."

Nikaufunga mlango taratibu. Mama mdogo alisogea kochini, akaniachia nafasi upande aliokuwa akikaa mama. Nikaketi, nikabonyeza rimoti, na mjane akaanza kuivua glavu. Kutoka koridoni nikasikia gongo likikwaruza sakafu, likiusogelea mlango.

Nikapunguza sauti.