Uvimbe Uliogoma Kupigwa Picha

Jana mchana usingizi ulinichukua nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango mnene wa chumba cha MRI, na ndoto niliyoiota, jamani, hata sijui nimwambie nani.

Mwanangu Atupele, wa miaka sita, alikuwa ndani kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza picha zilitoka ukungu mtupu, kama mtu aliyetikisika, na daktari akashindwa kujua kama uvimbe ulio kichwani mwake unafikika kwa kisu. Asipojua hilo, hapasui.

Basi, ndotoni mlango unafunguka, mashine yenyewe inatoka, nzito, inahema.

"Shikamoo, Mama Atupele."

"Marahaba."

"Nimesema asitikisike mtu. Wametii wote."

Kweli, hospitali nzima imeganda. Nesi ana mguu mmoja juu. Mzee mmoja amekwama katikati ya chafya. Hata mvua imesimama hewani, inasubiri ruhusa.

"Sasa tatizo nini?"

"Mwanao hana kosa. Ni huyo mpangaji wake."

Nageuka, tayari nimo ndani ya kichwa cha mwanangu. Papana kama ukumbi wa harusi. Uvimbe uko katikati, mdogo kama njugu, unazungukazunguka, umenuna.

"Wewe, mbona hutulii?"

"Nitulieje? Napigwa picha sijanawa, sijapakwa mafuta, wala hakuna aliyeniambia nikae wapi! Kwenu ndivyo mnavyopigana picha?"

Aibu ikanishika. Kwetu hata mtoto mchanga hapigwi picha kabla hajang'arishwa. Nikalowesha ncha ya kitenge kwa mate, nikaufuta uso, nikaupaka mafuta ukameremeta. Kicheko kikanijia, nikajikaza. Halafu hasira zote za miezi minne ya ugonjwa huu zikanipanda.

"Haya, sogea! Sogea pembeni, unaziba! Bado! Nenda mpaka ukutani! Na usicheke!"

Ukasogea, ukakaa, mikono magotini. Mashine ikagonga ngo-ngo-ngo, mvua ikadondoka yote kwa mpigo.

Nikaamka. Dada wa chumba cha picha alikuwa akinitikisa bega.

"Mama, safari hii picha zimetulia. Daktari keshaziona. Uvimbe uko pembeni kabisa, anasema anaufikia."

Nililia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Atupele akatoka na soksi zake mkononi, akanivuta sikio na kuninong'oneza.

"Mama, ulivyoufokea! Nusura nicheke, niharibu."