Nastashiamu za Njano

Tangu wahamie Kiseke, Evelina alikuwa akitamani kuufanya bustani ule uwanja ulio mbele ya nyumba. Mumewe, Maige, aliusawazisha kidogokidogo kati ya mawe mawili makubwa yasiyovunjika kwa nyundo yoyote, lakini kila mwaka lilizuka jambo la haraka kuliko maua: mara tanki la maji, mara banda la kuku, mara cherehani mpya, maana Evelina ni fundi na wateja wake humfuata nyumbani. Mwaka huu vuli ilipokaribia alisema basi, sasa ni zamu ya maua.

Alikwenda kwenye kitalu cha Dorcas, mwanamke aliyeuza miche kando ya barabara iendayo ziwani, akamweleza habari za yale mawe, akaulizia nastashiamu, yale maua yenye majani ya mviringo kama visahani.

"Za kutambaa au za kichaka?" Dorcas akauliza.

"Kwani zina tofauti?"

"Kubwa tu. Za kutambaa zitapanda hayo mawe yako mpaka zining'inie upande wa pili. Za kichaka zinatulia palepale ulipozipanda, hata magotini hazifiki. Halafu kuna rangi. Ipo nyekundu iliyokolea, ipo ya chungwa, ipo njano, ipo ya maziwa. Na hizi za pembeni majani yake yana madoa meupe."

Evelina hakusitasita. Alichukua mbegu za nyekundu iliyokolea, za kutambaa. Alikuwa ameshaona kichwani mawe yake ya kijivu yamefunikwa na wekundu mtupu. Dorcas alimwonya jambo moja, asitie samadi nyingi, kwa sababu nastashiamu zikishiba hutoa majani matupu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Mama Kashindye, ameketi barazani. Mzee huyu alikuwa ameletwa kutoka Misungwi kutibiwa macho. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakitarudi, dawa ya matone italinda kilichobaki. Kilichobaki ni kiasi gani, hakuna aliyejua sawasawa, kwani kila akiulizwa mwenyewe alijibu kwa mkato, "Ninaona." Alikuwa amelima mpunga na kufuga ng'ombe tangu usichana wake, na kushikwa mkono hakukuzoea.

"Hayo maua yanaliwa?" aliuliza.

"Yanaliwa, mama. Majani yake ni makali kidogo, kama figili."

"Hapo sawa."

Mbegu zikaota vizuri. Asubuhi moja Evelina alirudi kutoka sokoni kununua nyuzi, akamkuta Mama Kashindye amepiga magoti kwenye tuta, mikono ina matope, uso umejaa furaha. Pembeni yake palikuwa na lundo la miche iliyong'olewa.

"Nimekupalilia, Mama Luhende," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Magugu yalikuwa yameanza."

"Mama! Hayo ndiyo maua yenyewe!" Evelina alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Umeng'oa yote!"

Mama Kashindye akapapasa lile lundo, akashika jani moja, akalizungusha vidoleni, kisha akaling'ata.

"Kali kweli," akasema. "Si gugu. Sikuliona."

"Si unasema unaona?"

"Naona mwanga. Mtu akipita namwona kama kivuli. Mengine nakisia."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngenikalisha kwenye kiti. Hata chooni ningesindikizwa."

Evelina alijua ni kweli, kwa sababu Maige alikwisha kusema watafute binti wa kumshika mama yake mkono. Alimnawisha mikono, hasira bado haijamwisha. Halafu likamjia wazo. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa mabaki ya vitambaa vya kushonea, akavitandaza juu ya udongo kimoja kimoja.

"Hiki hapa, unakiona?" Kilikuwa chekundu.

"Hapo hakuna kitu. Ni kama shimo."

Cha rangi ya maziwa kilipotelea kwenye udongo uliokauka. Cha rangi ya chungwa, mzee alisema kuna kitu ila hajui kimeishia wapi. Evelina alipoweka cha njano, Mama Kashindye aliinua kichwa.

"Hicho hapo," akasema, akanyoosha mkono na kukigusa bila kupapasa.

Kesho yake walipanda bajaji pamoja hadi kwa Dorcas.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nileteeni hayo maua karibu."

Dorcas alileta makopo ya nastashiamu zilizochanua. Mama Kashindye aliinamia moja baada ya jingine. Za kutambaa alizikataa papo hapo. "Zitanifunga miguu njiani." Zenye majani ya madoa alisema zinamchanganya. Akabaki na za kichaka, za njano, majani ya kijani kibichi.

"Na nyekundu je?" Dorcas alimgeukia Evelina.

"Mwaka mwingine," Evelina akajibu. Lilimuuma kidogo, lakini hakubadili neno.

Maige alinyoosha kamba za kuonyesha njia, mstari huku na mstari kule, toka barazani hadi chooni, na tena hadi getini. Mama yake alipanda mbegu zilizolowekwa kwa mkono wake mwenyewe, akipima nafasi kwa shibiri. Alipokatazwa samadi alinung'unika kwamba hajawahi kusikia mmea unaonyimwa chakula ndipo uzae. Kuku walichakura kona moja, ikabidi wapande upya, na kona hiyo ikachelewa. Kwingine kote, kabla ya Krismasi, njia ilikuwa njano pande zote mbili.

Matone hayakurudisha kitu, kama daktari alivyosema. Jua likizama maua yalimpotea machoni, naye alikubali kushikwa mkono. Lakini mchana njia ilikuwa yake. Jumapili moja baada ya ibada alishuka barazani, akaacha ukuta, akaanza kutembea katikati ya maua, taratibu. Maige alinyanyuka amkimbilie. Evelina akamvuta shati.

"Mwache."

Mama Kashindye alifika getini, akapapasa komeo, akalifungua. Akasimama nje akisalimia wapita njia kwa Kisukuma, anaowajua kwa sauti na asiowajua, mpaka jua lilipokuwa kali. Ndipo akarudi ndani, akaomba maji ya kunywa.