Watachoka na Lori la Kuhamia

Ninyi ambao lori la kuhamia halijafika kwenu, na mna mbwa mnayemhitaji, someni haya kabla hamjaanza kubomoa paa. Mimi nilipewa siku mbili nzima za kufanya jambo dogo, na sikulifanya.

Binti yangu Theodora aliharibiwa macho na ugonjwa wa vikope akiwa na miaka sita. Anaona mwanga na giza, basi. Watu wakasema maneno yao, kwamba mama yake alivunja miiko, kwamba ukoo wa baba una laana. Baba yake, Antipasi, akaleta mtoto wa mbwa na kumpa jina la Watachoka, ili kila tukimwita majirani wajue kwamba wataongea mpaka wachoke. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa jirani.

Mbwa akakua na Theo. Alivaa ukanda wa ngozi shingoni, Theo akaushika, wakaenda korongoni kwenye kisima cha mchangani na kurudi, Theo na kibuyu chake cha maji kichwani. Penye shimo mbwa alisimama. Penye miiba alisimama. Mimi niliyekuwa nashinda nimesimama mlangoni kumwangalia mtoto, nikaanza kukaa chini na kupepeta mtama wangu kama wanawake wengine.

Kitu kimoja tu kilimshinda, gari. Mwaka wa kichaa cha mbwa lilikuja gari, mbwa waliokuwa wakizurura wakapigwa risasi mbele yake. Tangu hapo akisikia injini, hata iwe mbali, alijikunja chini ya ghala akitetemeka na kutokwa mate.

Mwaka wa 1974, baada ya mavuno, tukaambiwa tunahamia kijiji kipya upande wa Mungaa. Wanaume walitangulia kujenga, Antipasi akiwamo. Lori likaja Jumatatu, likawa linalala uwanja wa shule. Zamu yetu ilikuwa Jumatano. Dereva aliitwa Mselemu, mtu wa Singida mjini, na jioni ya kwanza alipita kuangalia mizigo yetu.

"Shikamoo, baba," Theo akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako mbona anachungulia chini ya ghala kama mwizi wa kuku?"

"Anaogopa gari lako."

Mselemu akanigeukia. "Mama Theo, mimi kwa dini yangu mbwa simgusi, lakini nimewabeba wengi msimu huu. Mlete leo hii, injini imezimwa. Mwache anuse matairi. Binti apande, yeye amfuate, wakae kidogo, washuke. Kesho tena, ale kitu kidogo humo humo ndani. Kesho jioni nitawasha injini bila kuondoka, asikie ngurumo huku binti yuko naye. Siku ya safari usimlishe asubuhi. Na binti akae naye nyuma, chini kabisa, juu ya ngozi anayolalia. Akitetemeka, msimkaripie."

Jirani yangu Yunisi alikuwa anashona magunia yake hapo karibu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Theo, mpeleke bwana harusi akaonyeshwe gari! Usisahau kumpaka mafuta!"

Na mimi nikacheka, lakini nilichomwa. Miaka minne walikuwa wametusema. Sasa niwape na hili, la kumfundisha mbwa kupanda lori?

Jua lilipoanza kushuka Theo akaja. "Mama, twende tukamwonyeshe."

"Kesho. Nina mtama wa kupakia."

Jumanne akaja tena, ukanda mkononi. "Mama, twende. Injini imezimwa, nimesikiliza."

"Theo, unataka uanguke kutoka juu ya lori uvunjike? Mbuzi wanafungwa wanafika. Na yeye atafungwa, atafika."

Alikwenda kukaa na mbwa chini ya ghala.

Jumatano asubuhi nikafanya kama nilivyofundishwa na mama yangu, kwamba msafiri hatoki nyumbani kwako na tumbo tupu. Nikampa mbwa ugali wa jana na maziwa mgando, bakuli zima. Nilidhani akishiba atasinzia. Nikamvuta mpaka kwenye lori, amekaza miguu na kuchimba mchanga kwa kucha, wanawake wawili wakamsukuma juu. Nikamfunga shingoni kwenye bomba la pembeni, kama tunavyofunga mbuzi. Kamba nikaiacha ndefu kidogo. Nilimhurumia, nikataka apate nafasi ya kugeuka.

Mselemu alikuwa ananiangalia. "Mama, binti akae na mbwa wake. Yunisi yuko nyuma, atamshika."

"Binti yangu haoni. Atakaa mbele mapajani mwangu."

"Basi mfupishie kamba."

"Mselemu, wewe endesha gari."

Tukaondoka. Tangu mawe makubwa ya kwetu mpaka tulipoingia mbugani, mbwa hakunyamaza. Haikuwa kubweka, ilikuwa sauti nyembamba ya kulia ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine. Yunisi akapaza sauti kwamba mbwa ametapika kila kitu, na magunia yamechafuka. Nikapaza sauti na mimi, nikamkaripia mbwa anyamaze. Akalia zaidi.

Theo akageuza sikio upande wa nyuma. "Mama, hajui niko wapi. Ananitafuta."

"Tulia, tutafika."

"Niongee naye?"

Nikaona hakuna ubaya. Nikamshika kiuno kwa mikono miwili asije akaanguka, akatoa kichwa dirishani.

"Watachoka! Watachoka, niko hapa mbele!"

Mbwa akaisikia sauti yake. Akaifuata.

Nilisikia kucha kwenye ubao, halafu Yunisi akawa anapiga paa la gari kwa ngumi zote mbili na kuita jina la Mungu. Mselemu akafunga breki. Nikamweka Theo kitini, nikashuka. Kamba ilikuwa imetosha kuvuka ubavu wa lori. Haikutosha kufika chini.

Mselemu alifika kabla yangu. Yeye aliyesema hagusi mbwa alimkumbatia kwa mikono yake, akamnyanyua, akawa anahangaika na fundo langu. Akamlaza kwenye nyasi. Akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Mama?" Theo akaita kutoka ndani. "Mbona amenyamaza? Ametulia?"

Yunisi alikuwa analia juu ya magunia, kanga mdomoni. Nami nikasema, "Ametulia, mwanangu."

"Unaona? Nilikwambia. Akinisikia anatulia."

Mselemu akachukua jembe kwenye mizigo yetu. Nikamwambia Theo kuna tairi linatengenezwa. Alisikiliza, na yeye jembe analijua kwa sauti. Tulipofika kijiji kipya, baba yake alipomshusha, alinyoosha mkono upande wa nyuma ya lori, kiganja wazi, akausubiri ukanda. Aliusubiri kwa muda mrefu. Antipasi ananitazama mimi, mimi natazama chini.

Kijiji kipya nyumba zake zimepangwa mistari, zote sawa. Theo hawezi kujua ipi ni yetu. Maji yako ng'ambo ya barabara. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na hatoki mlangoni mpaka nimshike mkono. Shuleni, alikokuwa akipelekwa na Watachoka, aliacha, kwa sababu mtama hautajipalilia mimi nikimpeleka na kumrudisha. Zile hatua zake zote za kwenda korongoni nilizifunga kwa ile kamba.

Nimeandika kwa sababu nasikia vijiji vya mbele vitahamishwa baada ya mavuno. Msione haya. Mpelekeni mbwa kwenye gari lililozimwa, leo, na kesho, na kesho kutwa. Asubuhi ya safari asile. Akae chini na mtu wake, ashikwe kwa mkono. Kamba ya shingoni msifunge kabisa, na kama ni lazima kufunga, mfungeni kifuani, tena kwa kamba fupi isiyofika ubao wa pembeni. Watakaocheka wacheke.

Kuna jambo nililolibakiza. Mwezi uliopita, tukimenya karanga, Theo aliniuliza, "Mama, kama nisingemwita, angekaa?"

Mwaka mzima alikuwa amelibeba hilo peke yake, na mimi nipo. Nikamwambia ukweli. Wewe ulimwita vizuri. Ni mimi niliyekutenga naye, ni mimi niliyefunga kamba, na ni mimi niliyesema ametulia.

Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Ningetaka kumshika kabla hajafukiwa."

Juzi Yunisi alileta mtoto wa mbwa, akamweka kizingitini. Theo hajampa jina. Leo lori la duka la kijiji limekuja kushusha chumvi. Theo akainuka, mkono ukutani.

"Mama, injini imezimwa?"

"Imezimwa."

Akainama, akampapasa yule mdogo mpaka akapata kamba yake. Tulitembea watatu hadi kwenye tairi la nyuma. Mbwa akanusa. Theo akaweka kiganja juu ya tairi, akaanza kulia, na hatukumpandisha.