Dubu Aliyeshikiliwa na Mwanawe

Katikati ya Novemba, Ghuba ya Hudson ilikuwa bado maji matupu, barafu haijaganda. Panikpak, mwanamke aliyeajiriwa kupima dubu, alipiga magoti kwenye kokoto, akamzungushia dubu mweupe jike utepe wa kupimia kifuani. Mnyama alikuwa amechomwa dawa ya usingizi. Zilibaki dakika kumi kabla hajaamka. Mjomba wake Panikpak, mwindaji Qaunaq, alisimama na bunduki. Bosi wao, Whitcombe, aliyetumwa kutoka kusini, alishika fomu ya afya ya dubu, ambayo ingeamua kama bandari itajengwa hapo.

Panikpak alibana waya mmoja mdomoni mwa dubu na mwingine karibu na mkia. Mashine ikapitisha umeme hafifu, ikatoa jibu: mafuta mwilini, sifuri.

Qaunaq akampapasa dubu mgongo. "Mifupa mitupu. Huyu hajala tangu barafu ya kuwindia iyeyuke."

Walipoutandua wavu waliompimia uzito, dubu hakutua chini. Alielea kimo cha goti. Kilichomzuia asipande zaidi ni mwanawe, aliyeng'ang'ania mguu wake wa nyuma. Mtoto alikuwa mnono. Maziwa yote yalikwenda kwake.

"Sasa huyo mdogo," alisema Whitcombe.

"Nikimtoa, mama anapaa," Panikpak alisema.

"Basi mfunge kamba."

"Kamba iko kwenye helikopta, bosi. Subiri."

Whitcombe hakusubiri. Alimnyakua mtoto, na dubu akapanda. Panikpak akaudaka mguu wa mbele. Buti zake zikaacha kokoto. Juu yake, jicho la dubu likafunguka.

"Mjomba!"

Qaunaq akageuza bunduki, akamwelekezea Whitcombe. "Mrudishe, bwana. Polepole, usije ukajikwaa."

Whitcombe akamwinua mtoto, naye mdogo akayafikia manyoya ya mama yake, akayauma. Wakashuka wote. Dubu akatikisa kichwa, akaenda zake akiigusa ardhi kwa ncha za makucha, mwanawe akining'inia.

Panikpak akamgeukia Whitcombe. "Hali ya mwili, andika sifuri."

"Visanduku vinaanza na moja," Whitcombe alisema, akaandika mbili. "Nikiweka moja, bandari haijengwi."

Wiki iliyofuata, ofisa wa serikali aliwasomea wanakijiji ripoti ukumbini: dubu wana afya ya kutosha, bandari itajengwa.

"Nilimpima mwenyewe," Panikpak alisema akisimama. "Ilikuwa sifuri."

"Mama, fomu inasema mbili," ofisa alijibu.

Nje ya dirisha walipita dubu watatu wakielea, usawa wa mapaa, watoto wao wakining'inia miguuni. Watu walisogeza viti wapate kuona. Ofisa akaomba pazia lishushwe, akageuza ukurasa.