Wageni wa Tumbo la Binti Yangu

Hapana mwanangu, hicho kisosi si cha paka. Paka hatuna. Hicho ni cha wageni. Usicheke, kaa vizuri nikueleze, ila hicho kiti cha pembeni kiache, kina mguu mmoja mwongo.

Unamjua binti yangu, huyu kitindamimba, fundi cherehani. Basi ana ule ugonjwa wa neva. Jina lake refu, ulimi wangu unateleza, watoto wanauita emuesi. Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili, ile ya kupigana na maradhi, inamgeukia mwenyewe na kukwangua ganda linalofunika neva. Mimi nimepaka rangi nyumba za watu maisha yangu yote, nikaelewa palepale: rangi inabanduka, ukuta unabaki uchi. Nikamuuliza kama haiwezekani kupiga koti la pili. Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, tungekuwa nalo tungepaka." Akampa dawa za kupunguza huko kubanduka, na anazitumia mpaka leo.

Sasa, ugonjwa huo una mambo yake. Mguu wa kukanyagia cherehani unakufa ganzi. Tumbo linakuwa zito, chakula kinakaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Na uchovu, weee! Nguvu zake za jioni ni kama rangi iliyobaki chini ya kopo: ukipaka mlango, dirisha halipati. Kwa hiyo jua likizama ni lazima ale upesi. Akichelewa kidogo tu, kijiko kinamshinda, analala na njaa. Na alishaanza kukonda. Nilimwona akibana gauni lake mwenyewe kwenye cherehani, halafu baada ya muda analibana tena. Chakula kikawa hakinishuki.

Mume wake ni dereva wa lori la maji. Mtu mwema sana, ila akisikia neno dukani haliachi huko. Jioni moja akaingia na kopo, kalishika kwa mikono miwili kama kabeba mayai.

"Baba," akaniambia, "hawa ni bakteria wazuri, wa kusaidia tumbo. Wako hai humu ndani. Mabilioni."

Kumbe dada yangu anasikia kutoka jikoni. Huyu dada yangu tunamwita Itifaki, maana kazi yake ni kwenye ukumbi wa sherehe, kupanga nani akae wapi na nani ahudumiwe kwanza. Amewahi kumhamisha bwana harusi kwa kukaa kiti kisicho chake. Akatoka na mwiko mkononi.

"Umesema wako hai?"

"Hai kabisa, shangazi."

"Na wameingia bila hodi?"

Mkwe wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Basi ni wageni," akasema Itifaki. Nikajua tumekwisha. Kwetu, tangu enzi za marehemu baba, mgeni akiwamo ndani hakuna mwenye nyumba anayetia tonge mdomoni kabla yake. Hata awe mgeni aliyekuja kutugombeza, anakula kwanza halafu anatugombeza.

"Wanakula nini?" akauliza.

Hapo mkwe ndipo alipotuponza. Angesema hawali, yangeisha. Lakini alikuwa na pakiti nyingine mfukoni, unga wa nyuzinyuzi, na muuzaji alimwambia ndicho chakula chao. Akajibu kwa furaha, kama mwanafunzi anayejua swali. Itifaki akatoa hicho kisosi, akakiweka mbele kabisa, penye kiti changu mimi, akamimina unga, akaweka kopo pembeni yake likiwa wazi. Mimi nikahamishiwa karibu na mlango wa choo.

Tukasubiri.

Mke wangu akanong'ona, "Tutajuaje kama wameshiba?"

"Wakishiba watanyamaza," nikamwambia.

"Mbona wamenyamaza tangu walipokuja?"

"Basi labda wanasali."

Itifaki akatukemea. Alisema watu bilioni hawali mara moja kama kuku, na yeye katika kazi yake yote hajawahi kupata msafara mkubwa hivyo. Wali ukapoa. Ukapashwa moto. Ukapoa tena. Binti yangu akalaza kichwa mezani, mume wake akamnyanyua, akampeleka kulala. Hakuonja kitu.

Ungefikiri tulijifunza? Wapi! Jirani yetu muuza mboga akaleta kopo lake, naye kwa nia njema. Itifaki akasoma maandishi, akasema hawa ni ukoo mwingine, hatuwezi kuwakalisha pamoja bila utambulisho. Nikaambiwa nisimame, mimi mkubwa wa nyumba, nitoe hotuba. Nikasimama mwanangu. Nikaliambia kopo la kushoto, "Hawa wa kulia ni ndugu zenu, mtaishi nao kwa amani." Likatulia. Nikaliambia na la kulia. Mke wangu alicheka mpaka akaegemea friji. Lakini nilipomtazama binti yangu, nikamwona anajaribu kushika kijiko, kidole kwa kidole, kama mtu anayeshika sindano gizani. Kicheko kikanikauka.

Kila jioni ikawa hivyo. Mchana anakula viraka viraka, jioni wageni wanamtangulia. Gauni likabanwa mara ya tatu.

Nikamfuata dada yangu jikoni. "Dada, huyu mtoto anaisha."

"Unataka nimfukuze mgeni? Baba atageuka kaburini."

"Ageuke tu, labda ubavu umemuuma."

Hakucheka. Ila nilimwona anafuta macho kwa ukingo wa kanga. Naye alikuwa haoni njia, mwanangu. Mtu akishajenga utaratibu, hata mlango wa kutokea anausahau.

Basi jioni iliyofuata binti yangu akaja mwenyewe mezani, anashika ukuta. Wali unatoa moshi, maharage, mboga za majani, vyote vya moto. Itifaki anamimina unga kwenye kisosi.

"Shangazi," binti akasema, "hawa wageni wamekuja kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Na watalala wapi?"

"Tumboni mwako."

"Kwa hiyo mwenye nyumba yao ni nani?"

Itifaki akasimama na pakiti hewani. Unga ukamwagika kidogo, hakuujali.

"Ni... ni wewe."

"Basi nikila mimi, wao wamekula nini?"

Itifaki akaiweka pakiti mezani.

"Hawa," binti akaendelea, "nitawapeleka kwa daktari wangu, wote na makopo yao, aseme kama wanaelewana na dawa zangu. Akisema waondoke, wataondoka. Lakini leo watakula ninachokula mimi. Na mgeni siku mbili, shangazi. Hawa hata jembe hawajashika."

Daktari, nikwambie kabisa, baadaye alilirudisha kopo moja, jingine akasema anaweza kujaribu akitaka, asitarajie miujiza, utafiti bado unaendelea. Na dawa asiache hata kidogo. Nyuzinyuzi akasema zimo tele kwenye maharage. Lakini jioni ile hatukuwa tumefika huko.

Jioni ile Itifaki alifikiri sana. Alitazama kopo, akamtazama binti, akatazama viti. Uso ukamlegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Kumbe wameshakaa," akasema polepole. "Mwenyeji akikaa, msafara wote umekaa."

Akamvutia binti kiti changu, cha mbele kabisa. Kisosi akakisukuma pembeni bila kukiondoa, ndiyo maana unakiona, anasema wasije wakajiona wamesahaulika. Akanyoosha mkono kama yuko ukumbini kwake.

"Wifi, hapa. Dereva, pale, na mdomo wako ufunge. Kaka, toka huko chooni."

Nikatoka. Binti alikuwa ameshachota kijiko cha kwanza. Wali ulikuwa wa moto mpaka akapuliza. Tukavuta viti, sote, tukakaa, tukala.